Wiki Tulizoziandika Tulivu

Wajukuu zangu mnaofanya kazi niliyoifanya mimi,

Mwezi uliopita mlinialika kwenye semina yenu pale Gungu. Mkanikalisha mbele, mkanifungulia chupa ya maji, mkanitambulisha kuwa mimi ni "mkongwe wa takwimu," jina ambalo sikuwahi kuitwa hata siku moja nilipokuwa kazini. Halafu binti mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Bibi, enzi zenu mlikuwa mnatumia programu gani?" Nikamjibu kwamba tulikuwa tunatumia kadi ngumu, kalamu ya wino na Mzee Bigirwa. Mkacheka sana. Nami nilicheka, lakini kwenye bodaboda ya kurudi Ujiji nilikuwa nimenuna. Mlinipa dakika kumi, na jambo nililotaka kuwaambia halienei kwenye dakika kumi. Isitoshe, sina hakika kama nalielewa. Nimelizungusha kichwani miaka yote hii na bado linanichanganya.

Basi nimeamua kuliandika. Mtakaochoka njiani, chukueni hata ile habari ya mvua ya mawe, itawafaa.

Kazi yetu ilikuwa kuandika ubaya. Sijui niiteje kwa namna nyingine. Shirika lilikuwa la watu wa mbali, nalo lilitaka kujua kila tukio la vurugu za siasa na kila maandamano katika nchi zilizotuzunguka: Burundi, Rwanda, na ng'ambo ya ziwa, ambako wakati huo tulikuwa bado tunakuita Zaire. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Malori yalikuwa yanapita kila siku kuelekea Kidahwe na kupanda huko Kasulu, yamejaa watu, magodoro na kuku. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la misumari na mabati. Kila tukio lilikuwa na kadi yake: wapi, lini, nani kamfanya nini nani, wangapi, na nani kakwambia. Kila Ijumaa tulijumlisha kadi, tukajaza fomu ya wiki, tukaituma makao makuu.

Nilianza kama mpiga chapa. Nikapandishwa kuwa mwandishi wa kadi kwa sababu nilikuwa mwenyeji, nilikuwa najua watu, na sikuwa naogopa kuuliza. Kuuliza nilikuwa naona ni jambo rahisi mpaka Mzee Bigirwa aliponisikiliza nikiuliza.

Mzee Bigirwa alikuwa Muha wa Kasulu, karani mstaafu wa mahakama, mtu wa suruali yenye mkunjo wa pasi na maneno machache. Siku ya kwanza aliniona ufukweni nikimwuliza mama mmoja aliyetoka kushuka mtumbwini, "Wamekufa wangapi?" Akanivuta pembeni.

"Tatu, binti yangu," akaniita kwa jina langu, "mtu aliyekimbia usimwulize wamekufa wangapi. Atakutajia idadi ya uchungu wake. Mwulize wamezika nani, na nani kachimba."

"Na kama hawakuzika?"

"Basi mwulize alikuwa anapika nini siku hiyo. Ukijua chungu kilikuwa na nini utajua ni asubuhi au jioni, na yeye mwenyewe ataanza kukumbuka nani alikuwa amekaa wapi."

Jaribuni siku moja. Mtu anaweza kusahau tarehe, lakini hasahau maharage yaliyoungua.

Sasa mvua ya mawe. Mwezi wangu wa kwanza niliandika kadi tatu za mauaji matatu huko Burundi. Moja lilitokea sokoni, moja darajani, moja karibu na kanisa. Nikazipeleka kwa Mzee Bigirwa nikiwa najisikia mfanyakazi hodari, na ninaona aibu kusema nilijisikia hivyo kwa habari kama hiyo. Akazisoma zote, akanirudisha kwa watu wangu watatu nikawaulize siku hiyo hali ya hewa ilikuwaje. Wa kwanza akasema ilinyesha mvua ya mawe mpaka migomba ikachanika majani. Wa pili akasema mvua ya mawe. Wa tatu vivyo hivyo. Kumbe soko lipo kando ya daraja, na kanisa lipo juu yake kidogo. Kila mtu alikuwa amelitaja jambo moja kwa jina la mahali alipokuwa amejificha. Kadi tatu zikawa moja, na nikajifunza kutojumlisha haraka.

Miezi michache baadaye nikaitumia mvua ya mawe mwenyewe, kwa mbwembwe, nikaunganisha kadi mbili. Ikaja kugundulika kwamba siku ile mvua ilipiga vilima viwili vilivyo mbali, na kila kilima kilikuwa na maiti zake. Nilikuwa nimefuta watu wa kilima kizima kwa kalamu. Nilimwuliza Mzee Bigirwa sasa nifuate kanuni gani. Akafikiri sana, akasema hajui, akaenda kunywa chai.

Hayo ndiyo mazingira ya akili tuliyofanyia kazi. Kuna siku wanawake wa mji mmoja wa Zaire walikaa katikati ya barabara na masufuria yao matupu, wakayagonga, hawakumgusa mtu. Askari wakafyatua risasi. Fomu ilikuwa na viboksi viwili: maandamano ya amani, au vurugu. Ilikuwa lazima kuchagua kimoja. Mimi nikasema ni ya amani, kwa sababu wanawake walikaa kwa amani. Mzee Bigirwa akasema ni vurugu, kwa sababu watu wamekufa. Tulibishana siku nzima, watu wazima wawili, tukinuniana juu ya kiboksi. Mwishowe tuliweka alama kwenye vyote viwili, na makao makuu wakairudisha fomu.

Walikuwa wepesi wa kurudisha fomu, wale. Mbaya kuliko zote ilikuwa ile ya wiki. Kila eneo lilikuwa na mstari wake, na kwenye mstari unaandika idadi ya matukio, au unaandika neno "tulivu." Pakibaki wazi, inarudi. Kwa hiyo eneo lisilo na kadi tuliliandika "tulivu." Nilifanya hivyo wiki nyingi bila kufikiri. Nilikuwa na kalenda kubwa ukutani pia: pini nyekundu kwa tukio, kwenye wiki habari yake ilipotufikia, na wiki isiyo na pini naizungushia kalamu ya kijani. Ilikuwa inapendeza kuona kijani.

Fidesi alikuja kufanya kazi kwetu mwaka uliofuata. Alikuwa Mrundi, mwalimu wa shule ya msingi huko kwao, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Yeye na mama mkwe wake walikimbia wakati mmoja kwa njia mbili tofauti. Mama mkwe alikuwa na mjukuu mgongoni, binti pekee wa Fidesi, wa miaka mitano. Fidesi akafika ziwani. Wale wawili hawakufika. Baada ya miezi ndipo akasikia kwamba walirudi nyumbani, wanaishi, mtoto mzima. Tangu hapo alikuwa na jambo moja tu maishani mwake, kwenda kumchukua mtoto.

Alikuwa anatutafsiria Kirundi, redio na maelezo ya watu. Alikuwa anakaa Gungu, chumba kimoja kwenye nyumba walimopanga Warundi wenzake. Mimi na yeye tukawa marafiki wa kula sahani moja, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mawese, yeye akinicheka jinsi ninavyotafuna miiba. Kila Ijumaa nikimaliza kuchora kalenda alikuwa anasimama mbele yake, mikono nyuma, anautazama mstari wa kwao.

"Dada Tatu," akanambia siku moja, "siku ukiona kunafaa, uniambie. Mimi sina macho mengine, macho yangu ni hii karatasi."

Nikamwahidi.

Hapo lazima nieleze habari zilikuwa zinatufikiaje. Redio zilisema habari za miji tu. Wakimbizi wa malori walipelekwa moja kwa moja makambini, na maelezo yao yalitufikia yamechelewa kwa wiki. Kwa vijiji vya kando ya ziwa tuliwategemea wavuvi wa dagaa. Huko majini wanakutana na wavuvi wa Burundi na wa Zaire, wanaombana sigara, wanapeana habari, na mara nyingine wanapakia watu. Alfajiri wanarudi ufuko wa Kibirizi, akina mama wanaanika dagaa mchangani, na mimi na daftari langu nipo katikati yao nanuka dagaa mpaka Ijumaa. Mkuu wao kwangu alikuwa Mzee Haruna, nahodha wa mtaa wa Kasingirima aliyesoma madrasa na baba yangu. Habari zake zilikuwa nzuri sana. Alikuwa anakumbuka mpaka rangi ya shati.

Baada ya mwaka hivi nikaona jambo kwenye kalenda. Vijiji vya kando ya ziwa vilikuwa na mpangilio. Wiki tatu nyekundu, wiki moja kijani. Tatu nyekundu, moja kijani. Nikachora grafu, mawimbi yakatoka mazuri kabisa. Nikaituma makao makuu, na safari hii hawakurudisha. Walimtuma mtaalamu. Alikuwa bwana mpole mwenye kofia ya jua, akatukusanya, akatueleza kwa saa mbili kwamba wapiganaji wana mzunguko wa mapumziko. Wanapigana, wanachoka, wanarudi kujipanga. Aliisifu grafu yangu mbele ya watu. Mzee Bigirwa alisinzia. Fidesi aliandika kila neno.

Mwezi uliofuata, wiki ya kijani ilipokaribia, akanijia mezani. "Ni hii wiki?"

Nikaitazama kalenda, nikaitazama grafu. Jumatatu hakuna kadi. Jumanne hakuna kadi. Jumatano nilishinda Kibirizi, ufuko mweupe, hakuna hata mtu wa kumwuliza. Kwa akili yangu hiyo pia ilikuwa dalili ya amani.

"Ni hii," nikamwambia. "Kumetulia. Nenda, usikae, mchukue mtoto urudi."

Alipiga magoti pale pale sakafuni akasali. Alhamisi alipanda mtumbwi wa abiria, nami nilikwenda kumsindikiza na mkate na sukari ya kumpelekea mama mkwe. Mtumbwi ulikuwa na watu wengi, sikuwaangalia. Nilimwangalia yeye tu, alikuwa amevaa kitenge changu.

Ijumaa nikajaza fomu: tulivu.

Wiki ya pili yake Mzee Haruna akarudi kazini. Nilimkuta Kibirizi amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, hana mzaha wake wa kawaida.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Toa daftari."

Akanihesabia. Kijiji kwa kijiji, ufuko kwa ufuko, mambo ambayo wenzao wa Burundi walikuwa wamewaambia majini. Yote yalikuwa ya wiki iliyopita. Niliandika. Kadi nyingi kuliko nilizowahi kuandika kwa siku moja, moja ikiwa ya mzee na mke wake waliouawa njiani baada ya kushuka mtumbwini, mzee akiwa amebeba kichwa cha cherehani begani. Majina hayajulikani.

"Lakini wiki iliyopita kulikuwa kimya," nikasema. "Hamkuleta kitu."

Mzee Haruna alinitazama kana kwamba ninaumwa. "Wiki iliyopita ilikuwa mbalamwezi, Tatu. Tungeleta kitu kutoka wapi?"

Ninyi mnaotoka bara huenda hamjui, lakini mimi nilijua. Hapo ndipo penye uchungu. Dagaa wanafuata taa za karabai. Mwezi ukiwa mkubwa nuru yake inazishinda karabai, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hawatoki. Karibu wiki nzima, kila mwezi. Mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, akina mama wa kuanika wanakwenda mashambani, na Ujiji kunafanyika harusi. Mimi mwenyewe niliolewa wiki ya mbalamwezi, kwa sababu ndugu wa mume wangu walikuwa wavuvi na ndiyo wiki pekee waliyopatikana. Mtoto wa miaka sita wa Kasingirima angeiona ile kalenda angeniambia. Nilikuwa nimechora mwezi wa angani, kwa pini, mwaka mzima, nikauita mapumziko ya wapiganaji. Tena nilisifiwa.

Nilirudi ofisini kwa miguu. Mzee Bigirwa akanisikiliza, akavua miwani, akasema, "Na mimi ninaishi hapa hapa."

Zikafuata wiki ambazo sipendi kuzikumbuka. Kila mtumbwi kutoka kaskazini nilikuwa majini mpaka magotini. Nilikuwa nauliza habari za mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha kijani na njano. Mmoja akasema amemwona sokoni. Mwingine akasema huyo amekufa. Wa tatu akasema amevukia Zaire. Niliwauliza walikuwa wanapika nini, hali ya hewa ilikuwaje, yote niliyofundishwa, na wote watatu walijibu vizuri kabisa. Sikujua nimwamini nani. Nilikuwa naamka nikiamini mmoja, nikilala naamini mwingine.

Karibu mwezi ulikuwa umepita siku niliposikia hodi ofisini, asubuhi, nikaona kwanza mtoto. Alikuwa amevaa sweta la mtu mzima. Nyuma yake alikuwepo Fidesi.

Nililia kwa sauti mpaka mwenye duka la misumari akaja kuangalia. Fidesi alinishika mikono, anacheka na kulia. "Ulisema kweli, Dada Tatu. Kilimani kwetu kulikuwa kumetulia kabisa. Tulisikia milio huko mbali, lakini kwetu hapana. Nilimkuta anacheza. Nilikaa kwanza, bibi yake alikuwa anaumwa, tukamzika vizuri. Ofisi hii Mungu aibariki."

Mngenyamaza? Mimi nilitaka kunyamaza. Mtoto yuko pale anakula mkate, mama yake ananishukuru, na jibu langu la uongo limetoka kweli. Ningeweza kulipokea hivyo hivyo. Nilipika chai. Tukakaa. Akaanza kunisimulia safari, na nilikuwa nafurahi kusikiliza mpaka alipofika pale waliposhusha watu ufuko wa kwanza.

"Hapo ndipo waliposhuka wapangaji wenzangu wa Gungu, Mzee Leonidasi fundi na mkewe. Sijui walifika salama. Alikuwa amebeba cherehani yake, amekataa kumpa mtu yeyote."

Nilikwenda kwenye droo. Sikuhitaji kutafuta. Niliileta ile kadi nikaiweka mbele yake, na wakati anaisoma nikamwambia yote, mbalamwezi, grafu, kijani, Mzee Haruna. Nilisema haraka haraka, bila mpangilio. Nilipomaliza alikuwa bado anaitazama kadi.

"Waliogopa," akasema. "Yule mama alikuwa hataki kabisa. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia, ninafanya kazi kwenye ofisi, ofisi imeandika kumetulia."

Nilimmiminia chai, akakisukuma kikombe pembeni.

"Mlikuwa mnajua kumetulia?"

"Hatukuwa tunajua kitu."

"Sasa kwa nini mliandika?"

"Fomu haikubali pabaki wazi," nikasema.

Niliyasikia maneno yangu yakitoka. Hata leo nikiwa naosha vyombo huwa nayasikia. Fidesi hakunifokea. Alichukua kalamu yangu, akafuta pale palipoandikwa "majina hayajulikani," akaandika majina yao yote mawili kwa mwandiko wake wa kiualimu. Kisha akamchukua mtoto akaondoka. Kesho yake hakuja kazini. Siku ya nne alikuja, akakaa mezani kwake, akawasha redio.

Sikumwuliza kama amenisamehe, na mpaka leo sijui. Tulirudia kula sahani moja, lakini baada ya muda mrefu, na tulikuwa hatuongei sana. Kuna siku nilikuwa nahisi ananichukia. Kuna siku alikuwa anamleta binti yake nimsuke nywele. Huwezi kuandika kadi ya mambo kama hayo. Mimi nimejaribu.

Tulichofanya ni hiki, na ndicho mnachokitumia ninyi leo bila kujua kimetoka wapi. Tuliongeza neno la tatu kwenye fomu. Tulianza kuandika "hatujui." Kila wiki ya mbalamwezi, mistari yote ya kando ya ziwa: hatujui. Makao makuu wakairudisha. Tukaituma tena. Wakaandika kwamba "hatujui" haiwezi kujumlishwa. Mzee Bigirwa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kubishana na mkubwa, akawajibu kwa barua ya kurasa nne ya kimahakama, na mwisho wakakubali, kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Kwenye kalenda niliacha kijani kabisa. Fidesi ndiye aliyekuwa anaandika lile neno kila mwezi, kwa mkono wake, siku kwa siku, hataki mtu amsaidie.

Nilidhani hapo tumemaliza. Nilidhani kosa lilikuwa neno, na sasa tumepata neno sahihi.

Habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna ofisi inayojua hali ya kila kijiji, na watu walikuwa wanatuuliza kila mahali, sokoni, msibani, hata kliniki. Asubuhi moja ya wiki ya mbalamwezi mimi na Fidesi tulikuwa Kibirizi. Mtumbwi wa abiria ulikuwa unapakia kwenda kaskazini. Akatujia mwanamke wa Kirundi, kijana, mjamzito, ana furushi kubwa la nguo.

"Ninyi ndio wa ofisi?" akauliza. "Kwetu kukoje wiki hii?" Akataja kijiji chake.

"Hatujui, mama," nikamjibu. "Hatujapata habari yoyote."

Nilitaka aelewe. Nikamwambia wavuvi hawajatoka, nikamwambia kutokuwa na habari si habari njema. Fidesi akayarudia yote kwa Kirundi, taratibu, mara mbili, amemshika mkono. Yule mwanamke alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu uso wake ukafunguka, akatabasamu.

"Asanteni sana," akasema. "Kungekuwa kubaya, ninyi mngekuwa mmejua."

Akampa Fidesi furushi amshikie, akapandisha nguo zake, akaingia majini, watu wakamvuta akapanda. Nahodha akawasha injini. Kutoka mtumbwini mwanamke akanyoosha mikono yote miwili kulipokea furushi lake. Fidesi alikuwa amesimama majini amelikumbatia. Alinitazama mimi. Angelizuia, huenda yule mama angeshuka; ampe au asimpe, hata leo sijui. Alikaa nalo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, watu wakaanza kupiga kelele, kisha akampa.